Mmoja akiwa CRB, hesabu ni ya wawili

Jibu la benki huja kwa ujumbe wa mistari miwili: ombi halikufaulu kutokana na taarifa za CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za mikopo ya kila mtu. Ujumbe hausemi ni taarifa za nani. Walioomba ni wawili, na jioni hiyo mmoja wao anajua tatizo liko wapi huku mwenzake akidhani benki imekosea.

Tuwachukue hao wawili kama mfano, tuwafuate hatua kwa hatua. Wanaishi Nakuru, ndoa yao ina miezi 14. Mke ni mwalimu, mshahara wake shilingi 60,000. Mume ni fundi wa mitambo aliyeajiriwa na kampuni, analipwa 66,000. Waliomba mkopo wa nyumba wa milioni 2.9. Kwa mishahara hiyo wanatosha kabisa, ndiyo maana jibu liliuma.

Kwanza tuondoe hofu moja. Nchini Kenya hakuna faili ya CRB ya mume na mke. Kila mtu ana yake, inafuata nambari ya kitambulisho, na harusi haiunganishi chochote. Mke akichukua jina la mume na kubadilisha kitambulisho, nambari ni ile ile na historia ni yake ile ile. Deni alilolikimbia mume mwaka wa 2021 halihamii kwenye ripoti ya mke. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, inasema deni la mali alilokuja nalo mtu kabla ya ndoa ni lake, isipokuwa mali yenyewe igeuke kuwa mali ya ndoa. Yanayokopwa ndani ya ndoa kwa faida ya ndoa ndiyo ya wote wawili.

Kwa hivyo sheria haimgusi mke. Mshahara ndio unaomgusa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inakataza makato ya mfanyakazi kupita thuluthi mbili ya mshahara. Thuluthi mbili za 60,000 ni 40,000. Mke tayari anakatwa 22,000 kwa kodi, michango ya lazima na Sacco, basi nafasi iliyobaki ni 18,000 kwa mwezi. Mume anaruhusiwa makato ya 44,000, anakatwa 23,000, ana nafasi ya 21,000. Mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 14 hudai takriban 13,300 kwa mwezi kwa kila milioni. Wakikopa pamoja, nafasi yao ni 39,000, sawa na mkopo wa karibu milioni 2.93. Mume akitolewa, mke peke yake anafika milioni 1.35. Milioni moja na nusu na zaidi imetoweka, na mke hajawahi kuchelewesha hata shilingi.

Wako wakopeshaji ambao hawatakataa. Watakubali kisha waongeze riba. Tangu sheria ya kudhibiti riba ifutwe mwishoni mwa 2019, bei ya mkopo inafuata hatari anayoiona mkopeshaji kwa mkopaji, na kwenye ombi la pamoja mara nyingi anayetazamwa ni yule dhaifu. Riba ikipanda kutoka 14 hadi 16, mkopo huo wa milioni 2.9 unaongezeka karibu 4,000 kwa mwezi. Kwa miaka 15 hizo ni zaidi ya laki saba. Laki saba ni mabati, mbao na fundi wa paa.

Sasa turudi nyuma tuone jina la mume lilichafukaje, kwa maana si lazima mtu awe mlaghai ili aorodheshwe.

Deni la kwanza lilikuwa 4,500 za apu ya mikopo, zilizochukuliwa kwa laini ambayo baadaye ilipotea pamoja na simu. La pili ni mkopo wa benki kupitia simu, 38,000, uliochukuliwa mwezi wa harusi baada ya ahadi za kamati kutotimia: watu waliahidi tenti na gari, siku ikafika, mkono mtupu. La tatu ni HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo. Alimaliza chuo, akapewa mwaka mmoja wa neema kama wengine, kisha akahangaika na vibarua bila kulipa. Riba ya HELB ni asilimia 4 tu kwa mwaka, lakini faini ya kutolipa ni 5,000 kila mwezi. Miezi 24 ya kunyamaza ni 120,000 za faini peke yake. Deni lenyewe lilikuwa limebaki 96,000.

Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa, na kabla ya kupeleka jina CRB mkopeshaji anatakiwa kumpa mkopaji notisi ya siku 30. Notisi hupelekwa kwenye anwani aliyonayo mkopeshaji. Laini ikipotea, nayo notisi imepotea. Mtu anaweza kukaa miaka 2 bila kujua kwamba yuko CRB, mpaka siku anapoomba mkopo mkubwa. Tangu kanuni za 2020, madeni yasiyofika shilingi 1,000 hayaorodheshwi, lakini 4,500 inaorodheshwa vizuri tu.

Kosa la kwanza la wanandoa hawa lilifanyika kabla ya posa kumalizika: walizungumza kuhusu idadi ya watoto, kanisa, na mahali pa kuishi, ila hakuna aliyemwambia mwenzake anadaiwa wapi. Mume hakudanganya. Aliulizwa mara moja, akasema, "Wacha hiyo, ni ya zamani, nilishamaliza na hao watu." Aliamini hivyo kuhusu lile la 4,500. Kuhusu HELB alijua, akaona aibu. Dawa yake haihitaji mahubiri wala kuaminiana kwingi: kila mmoja avute ripoti yake, wabadilishane simu wasome. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila ofisi, na ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Vuta zote tatu. Alama wanazompa mkopaji hazifanani kwa sababu kila ofisi ina hesabu yake, na deni linaweza kuwa limesahihishwa huku, kule bado.

Kwa Metropol unaweza kuanzia kwenye simu kwa *433#. Alama zao huanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 maana yake kuna deni lililoshindikana. Usiishie kwenye alama. Fungua ripoti yenyewe, kisha soma kila mstari wa mkopo: jina la mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha mwanzo, salio, siku za ucheleweshaji, na tarehe ya mwisho taarifa kusahihishwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu hawaitazami. Deni ulilolipa Januari likionyesha salio la Novemba, kosa ni la mkopeshaji ambaye hajapeleka taarifa, na hilo hutatuliwa kwa barua, bila pesa.

Usiku wa ujumbe ule wa benki, mume alifungua ripoti mbele ya mke kwa mara ya kwanza. Jumla ya kusafisha ilikuwa hivi: apu 9,700 baada ya adhabu, benki 61,000, HELB 216,000. Ukijumlisha, 286,700.

Hapa ndipo wengi hufanya kosa ghali kuliko lote, na hulifanya kwa upendo. Mke mwenye jina safi huenda Sacco, huchukua 300,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 36, anafuta kila kitu kwa siku moja. Nyumbani kunakuwa na amani. Lakini mkopo huo unakata karibu 9,960 kwenye mshahara wake kila mwezi. Nafasi yake ya 18,000 imebaki 8,040, yaani mkopo wa nyumba wa laki 6. Amemsafisha mume kwa kutumia nafasi ile ile waliyohitaji kununulia nyumba. Isitoshe, ripoti ya mume haijifuti. Deni lililowahi kushindikana hubaki kwenye historia kwa miaka 5 tangu siku ya kulipwa. Kinachobadilika ni maelezo, kutoka "halijalipwa" hadi "limelipwa". Wakopeshaji wengine hutosheka na hilo, wengine husubiri waone miezi kadhaa ya mwenendo mpya. Kwa hiyo haraka ya siku moja haikununua alichodhani amenunua.

Njia nafuu ni mwenye deni alipe kwa mshahara wake mwenyewe, na alipe kwa mpangilio. Ile 9,700 ilipwe mwezi huo huo, kwa sababu mstari mdogo unaharibu ripoti sawa na mkubwa. Deni la benki lidaiwe taarifa kamili kwanza. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, ina kikomo ambacho wadaiwa wengi hawakijui: mkopo ukishaharibika, riba ambayo benki inaweza kuidai haipiti kiasi kilichokuwa kikidaiwa siku ulipoharibika. Zaidi ya hapo ni gharama za kufuatilia deni tu. Mkopo ulioharibika ukiwa 38,000 hauwezi kuwa 150,000 kwa riba peke yake. Kwa 61,000 ya mfano wetu benki iko ndani ya kikomo, lakini mtu anayeingia akiomba mchanganuo kwa maandishi hupokewa tofauti na anayeingia akiomba huruma. Omba kupunguziwa adhabu ukilipa kwa mkupuo. Wakikubali, pata maandishi kabla ya kutuma pesa.

HELB nayo ifuatwe ofisini au kwenye tovuti yao, mtu apange kukatwa kupitia mwajiri. Kwa 10,000 kwa mwezi, 216,000 humalizika kwa karibu miezi 22. Nafasi ya mume inashuka kwa muda hadi 11,000, na wakijumlisha na 18,000 za mke wanapata 29,000, sawa na mkopo wa milioni 2.18 hata kabla HELB haijaisha, ikiwa mkopeshaji ataridhika na deni linalolipwa bila kukosa. HELB imewahi kutangaza misamaha ya faini kwa wanaolipa kwa mkupuo, na msamaha wa aina hiyo ungepunguza deni letu kutoka 216,000 hadi 96,000. Ukitokea, hapo mke kuchangia kutoka akiba ina mantiki. Kukopa ili kulipa faini hakuna mantiki.

Pesa zote zipelekwe kwa mkopeshaji mwenyewe. Deni la zamani huwa limeshakabidhiwa wakala wa kukusanya madeni, na wakala hupiga simu asubuhi, mchana, jioni. Wako wakala halali. Wako pia vijana wanaosema, "Tuma kwa namba hii nikusaidie jina litoke leo." Namba ikiwa ya mtu binafsi badala ya Paybill ya mkopeshaji, usitume. Na hakuna mtu anayeweza kuondoa taarifa ya kweli CRB kwa ada ya 5,000. Anayeuza huduma hiyo anauza hewa. Ukishalipa, dai barua ya kumaliza deni yenye nambari ya akaunti, kiasi na tarehe. Weka nakala kwenye barua pepe yako, na nyingine kwenye ya mwenzako.

Kisha kuna cheti. Watu husema "nimepata cheti cha CRB" kana kwamba ni ubatizo. Cheti kinathibitisha kwamba siku hiyo huna deni lililoshindikana kwenye rekodi, basi. Waajiri hukiomba, wakopeshaji wengine pia. Kwa aliyekuwa ameorodheshwa na kulipa, kanuni za 2020 ziliondoa ada ya cheti cha kwanza; baada ya hapo ada iliyozoeleka ni 2,200. Usikinunue kabla ya kuona kwenye ripoti kwamba mkopeshaji amesahihisha.

Tukitoka kwenye makaratasi, hatari kubwa zaidi iko kwenye simu ya mke.

Mume ambaye kikomo chake ni sifuri kila mahali hana pa kukopa mafuta ya pikipiki au ada ya mtoto wa dada. Mke ana mikopo ya simu ya M-Pesa: Fuliza ya hadi 15,000 na M-Shwari inayopanda kila akilipa. Basi usiku, "Nifulizie elfu mbili, nitarudisha Ijumaa." Ijumaa haifiki. Tazama kinachofuata kwa karibu: dada yake mke anamtumia 1,500 za mchango wa matanga. Ujumbe wa M-Pesa unaingia, na kabla hajaweka simu chini unaingia wa pili, pesa yote imekatwa kulipa Fuliza. Salio ni sifuri. Matangani anaenda mikono mitupu na hawezi kusema kwa nini. Ikirudiwa kwa miezi mitatu na deni lisilipwe, jina safi lililobaki nyumbani nalo linaanza kuchafuka, na safari hii hakuna wa kulaumu CRB.

Wapo watakaosema mke na mume ni mwili mmoja, laini ni ya wote. Sawa. Lakini nyumba yenye jina moja safi ina mali moja ambayo haiuzwi sokoni, na ni busara kuiwekea mlango. Namba ya siri ya M-Pesa ibaki ya mwenye laini. Mahitaji ya mume yaingie kwenye bajeti ya mwezi kwa kiasi kinachojulikana, hata kama ni kidogo.

Sacco ina mlango wake wa nyuma. Aliyeshindwa benki hukimbilia Sacco, na Sacco hutaka wadhamini. Mke anasaini fomu ya mume bila kusoma kiasi, kwa sababu nani atakataa kumdhamini mumewe? Mume akishindwa, akiba ya wadhamini hukamatwa, na mkopo wa mke wa mara tatu ya akiba yake unazuiwa mpaka deni lile liishe. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: mkopo ni kiasi gani, wadhamini ni wangapi, na sehemu yako ni shilingi ngapi. Ukishasaini huwezi kujitoa kwa sababu mmegombana.

Sasa ardhi. Wanandoa wetu waliamua mke akope peke yake ile milioni 1.35, wanunue kiwanja na kuanza msingi, mume akiendelea kujisafisha. Uamuzi mzuri. Lakini ukoo ulitegemea hatimiliki itoke kwa jina la mume, "ndiye kichwa." Hapo kuna mke anayelipa miaka 15 na mume mwenye hati. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinasema mali ya ndoa iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa anaishikilia kwa niaba ya mwenzake pia, na iliyo kwa majina mawili huchukuliwa kuwa ya nusu kwa nusu, ila dhana hizo zinaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi. Kesi ni ndefu kuliko foleni ya msajili wa ardhi. Waandike majina mawili. Mume anayelipa mchanga, mawe na mafundi alipe kwa M-Pesa au benki, atunze risiti, kwa sababu naye anajenga na mchango wake unahitaji kuonekana.

Benki ikichukua kiwanja hicho kama dhamana, mume ataitwa kusaini. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inataka saini au ridhaa ya mwenzi ndipo nyumba ya ndoa iwekwe rehani. Tanzania nayo ina sharti linalofanana kwenye kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi yake. Shida ni kwamba kwenye rundo lile la karatasi kunaweza kuwa na hati mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni ridhaa ya mwenzi: unasema unajua nyumba imewekwa rehani na umekubali. Nyingine ni hati ya udhamini: unakuwa mdaiwa, benki inaweza kukufuata wewe mwenyewe, na mkopo ukiharibika nawe unaweza kuorodheshwa. Kwa mtu anayejitahidi kutoka CRB, ya pili inamrudisha kule kule kwa deni la mwenzake. Soma kichwa cha kila hati. Wakili aliyeandaa karatasi ni wa benki. Tafuta wako akueleze, hata kwa saa moja.

Akaunti ya pamoja nayo haiunganishi rekodi zenu. Ila msiiweke kwenye benki ambayo mmoja anadaiwa. Masharti ya akaunti mara nyingi huipa benki ruhusa ya kuchukua salio kufidia deni la mmoja wa wenye akaunti, na akiba ya ujauzito ikichukuliwa usiku mmoja hakuna maelezo yatakayotosha asubuhi.

Miezi 22 ni mirefu kwa wanaoishi chini ya paa moja. Mwenye jina safi huchoka kuwa mkopaji wa kila kitu, na mwenye deni huchoka kuulizwa. Kinachosaidia ni tarehe moja ya mwezi, siku moja baada ya mshahara, dakika 20 mezani: umelipa nini, salio gani, risiti iko wapi. Siku nyingine zote deni lisitajwe, hasa mbele ya mama mkwe. Na mume asikae bila mkopo wowote kwa kuogopa. Ripoti isiyo na kitu kipya haionyeshi kwamba umebadilika. Mkopo mdogo wa Sacco unaokatwa kwenye mshahara, unaolipwa mwaka mzima bila kuchelewa, huandika mistari mipya juu ya ile ya zamani.

Mwezi mmoja kabla ya kurudi benki, vuteni tena ripoti zote, za wote wawili. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwa kawaida mara moja kwa mwezi, kwa hiyo malipo ya tarehe 28 yanaweza kuonekana wiki tano baadaye. Mkikuta mstari haujasahihishwa, pelekeni barua ya kumaliza deni kwa mkopeshaji na malalamiko ya maandishi kwa ofisi ya CRB, na mngoje. Ombi lililokataliwa huacha alama ya aliyeuliza ripoti yenu, na benki ya tatu itahesabu ni wangapi walioangalia kabla yake.